Udongo Unaotitia: Jinsi ya Kuutambua na Kuupima Kabla ya Kumwaga Zege Tanga

Chimba msingi kando ya barabara ya Pongwe kwenda Muheza mwezi wa pili, masika hayajaanza, na sururu itaruka. Fundi atakwambia, "Hapa pagumu mzee, usitupe hela kwenye nondo." Siku hiyo anasema kweli. Udongo mwekundu wa kichanga ukiwa mkavu unaweza kubeba nyumba ya bloku miaka mingi bila ufa hata mmoja. Halafu bomba linapasuka chini ya bafu, au shimo la maji taka linaanza kuvuja, na kona moja ya nyumba inashuka sentimita kadhaa ndani ya siku chache. Uzito wa nyumba haukuongezeka. Kilichoongezeka ni maji.

Huo ndio udongo unaotitia. Si kila udongo mwekundu wa Tanga uko hivyo, wala si mwekundu peke yake. Mwongozo huu ni wa fundi mkuu, mhandisi kijana, na mwenye kiwanja anayetaka kujua anachokilipia maabara. Ukitoka na jambo moja tu hapa, liwe hili: kipimo chochote kilichofanywa kwenye udongo mkavu peke yake hakijajibu swali. Swali ni udongo utafanya nini ukilowa huku umebeba mzigo.

Kinachotokea ndani

Chembe za mchanga katika udongo wa namna hii zimeegemeana tu, hazikubanana. Katikati yake kuna nafasi tupu nyingi. Zimeshikwa kwenye maungio kwa gundi nyembamba: mfinyanzi kidogo, oksidi za chuma (ndizo zinazotia wekundu), wakati mwingine chokaa au chumvi, na nguvu ya mvuto wa unyevu mdogo uliobaki pale chembe zinapogusana. Ni kama andazi la jana: gumu mkononi, ndani limejaa hewa, lichovye kwenye chai uone linavyonywea. Maji yakifika kwenye maungio yale, mvuto unakwisha, mfinyanzi unalainika, chembe zinateleza na kuangukia nafasi zilizo wazi. Udongo unapungua ujazo ghafla.

Kwa hiyo lazima mambo manne yakutane: udongo wenye nafasi nyingi, ambao haujajaa maji, uliobeba mzigo wa kutosha, kisha ukalowa. Likikosekana moja, hautitii. Ndiyo sababu udongo uleule unaweza kukaa salama chini ya kibanda cha kuku na kuleta balaa chini ya ghorofa.

Duniani jambo hili linajulikana zaidi kwenye udongo wa vumbi uliopeperushwa na upepo, kama ule wa nyanda za juu za kaskazini mwa China. Ila kwetu pwani ndugu zake wa karibu ni michanga myekundu ya Durban na ile ya Luanda. Haishangazi basi kwamba kipimo kikuu, kile cha kubonyeza udongo maabara kwa mashine iitwayo edomita kisha kuulowesha, kilitoka kusini mwa Afrika: Jennings na Knight walikitangaza mwaka 1957, na mwaka 1975 wakatoa mwongozo wa kujenga juu ya udongo huo. Huko California, magharibi mwa bonde la San Joaquin, ardhi ilishuka zaidi ya mita 3 sehemu nyingine kwa kumwagiliwa mashamba tu, uzito wa udongo wenyewe ukitosha kuwa mzigo. Wahandisi wa mfereji mkuu wa maji wa jimbo hilo, miaka ya 1960, walilazimika kuilowesha ardhi kwa mabwawa ya muda na kuiacha ititie kwanza, ndipo wakajenga.

Usichanganye na mengine ya Tanga

Mkoa huu una sababu zaidi ya moja za nyumba kupasuka, na dawa zake hazifanani. Udongo mweusi wa mbugani huvimba masika na kusinyaa kiangazi. Nyufa zake hufunguka na kujifunga kwa msimu. Udongo unaotitia ukishashuka haurudi juu. Kwenye matope ya kando ya mikoko maji yamejaa tayari, hakuna nafasi ya kuporomokea. Pale nyumba huzama polepole kwa miaka.

La tatu ndilo linalowachanganya hata wataalamu. Tanga imekalia chokaa. Mapango ya Amboni yamo kwenye chokaa ya kale hiyohiyo, na sehemu za Kiomoni na Maweni udongo mwekundu umelala juu ya mwamba wenye mianya. Maji yakiingia, udongo unaweza kusombwa na kupotelea kwenye mianya, ardhi ikafanya shimo la mduara. Hapo hakuna edomita itakayokusaidia. Unahitaji kuchoronga hadi mwamba na kujua kama kuna pango. Dalili yake ni bonde dogo la duara kiwanjani, au maji ya mvua yanayotoweka sehemu moja kila mwaka. Ukiyaona hayo, simamisha kazi ya mwongozo huu na utafute mtu wa jiolojia.

Hatua ya kwanza: tembea kabla ya kuchimba

Zunguka nyumba za jirani. Usiulize "udongo wa hapa ukoje," kila mtu atasema mzuri. Uliza ufa ulianza lini, na mwaka huo kulitokea nini: mvua kubwa, bomba jipya, choo cha ndani, bustani ya kumwagilia. Angalia ufa uko upande gani wa nyumba. Ukikuta nyufa za ngazingazi zinaelekea kona ya bafu au tanki la maji, huku upande wa pili mzima, umepata nusu ya jibu bila kulipa shilingi.

Nyumba za zamani za udongo na miti hazikupi habari hapa. Zilikuwa nyepesi na maji yake yalichotwa kwa ndoo.

Hatua ya pili: shimo, na macho

Chimba shimo la mita 1 kwa 1.5, kina mita 3 ikiwezekana. Kwa nyumba ya kawaida lazima lishuke chini ya kitako cha msingi angalau mara mbili ya upana wa msingi. Usimwage maji kulainisha, hata wachimbaji wakikuomba. Ukimwaga umeharibu kila kitakachofuata. Na usiruhusu mtu kuingia shimo la zaidi ya mita 1.2 bila kuzuia kuta kwa mbao au kuzilaza kwa mteremko. Udongo huu hudanganya hapo pia: ukuta unasimama wima, msafi, unaweza kuchora juu yake, kisha unaanguka wote kwa mara moja.

Kwangua ukuta kwa kisu upate uso mpya. Kila nusu mita andika rangi, unyevu, ugumu, na kama kuna mizizi au mawe. Kisha vunja donge na ulitazame juani kwa karibu, kwa kioo cha kukuzia kama unacho. Unachokitafuta ni vitundu vya ukubwa wa ncha ya sindano, vingi, na chembe za mchanga zilizovaa utando mwembamba mwekundu. Ukifikicha kwa dole gumba, utando unabaki kidoleni na chembe inaonekana nyeupe ya kung'aa. Huo utando ndiyo gundi. Udongo mgumu, mkavu, mwepesi mkononi kuliko ulivyotarajia, wenye vitundu na utando: mshuku.

Fanya vipimo vitatu vya mkono hapohapo.

Cha kwanza, tia donge la ukubwa wa limau kwenye bilauri ya maji, usikoroge. Likitoa mapovu mfululizo na kubomoka likawa rundo la mchanga chini ndani ya dakika moja mbili, gundi yake haipendi maji. Peke yake hiki hakithibitishi chochote, maana udongo mwingi mkavu hubomoka majini; kinakwambia tu uendelee.

Cha pili nakiamini zaidi. Kata madonge mawili yaliyolingana kabisa, kila moja lijae kiganja. Moja liache. La pili liloweshe kidogo, likande mpaka liwe bonge moja laini, kisha lifinyange umbo lilelile la mwanzo. Yaweke pamoja. Lililokandwa likiwa dogo waziwazi, ile tofauti ni hewa iliyokuwa ndani.

Cha tatu hakina gharama: mkimaliza kazi yote ya shimo, na bonge la maabara limeshatoka, rudisheni udongo wote shimoni na kuukanyaga kwa miguu. Udongo wa kawaida hubaki tuta juu ya shimo. Huu haujazi hata shimo lenyewe.

DCP, na kosa la kiangazi

Watu wengi huku wanamaliza utafiti kwa DCP, ile fimbo ya chuma yenye ncha ya milimita 20 na nyundo ya kilo 8 inayoangushwa milimita 575. Ni kifaa kizuri na cha haraka. Tatizo ni kwamba kiangazi kinapima gundi kavu, kinaleta namba nzuri, na namba hizo zinaingia kwenye ripoti kana kwamba ndiyo tabia ya udongo mwaka mzima. Hata kipimo cha kupigilia cha nyundo ya kilo 63.5 kina ugonjwa huohuo, na kuchoronga kwa maji kunaharibu kwa njia nyingine, maana kunalowesha udongo kabla haujapimwa.

Kama DCP ndiyo uliyonayo, ifanyie kazi mara mbili. Piga sehemu moja kavu. Mita mbili pembeni chimba kisima kidogo cha nusu mita kwa nusu mita, kijaze maji na ukiongeze mchana kutwa, kilale, kesho yake piga humo. Tuseme pigo moja pakavu lilizamisha milimita 8, na palipolowa linazamisha 25. Hujui bado nyumba itashuka kiasi gani, lakini unajua kwamba namba ya pakavu isitumike kusanifu msingi.

Kutoa bonge

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, na hakuna maabara itakayorekebisha. Mabomba ya sampuli yanayopigiliwa kwa nyundo huubana udongo wenye nafasi nyingi. Ukifika maabara umeshatitia nusu, unapimwa, unaonekana mzima. Kwa udongo huu toa bonge kwa mkono.

Kwenye sakafu ya shimo au kwenye kidato ulichokiacha ukutani, chora mraba wa sentimita 30. Chimba pembeni pande zote nne mpaka bonge libaki limesimama kama meza. Nyoosha nyuso kwa kisu kirefu au msumeno wa mbao, taratibu, bila kupiga. Kabla ya kulikata chini, lizungushie nailoni ya jikoni mara kadhaa, kisha kitambaa chembamba kilichopakwa nta iliyoyeyushwa, tabaka mbili tatu. Shusha juu yake kisanduku cha mbao kisicho na kitako wala kifuniko, jaza maranda pembeni, pigilia kifuniko, ndipo ukate chini na kuligeuza. Andika juu yake: mshale wa kuelekea juu, namba ya shimo, kina, tarehe.

Lisafirishe limewekwa juu ya godoro, si nyuma ya pikipiki. Namaanisha. Ukitoka Muheza kwenda maabara ya Dar es Salaam kwa gari lenye springi ngumu, bonge linaweza kufika na nyufa ambazo hazikuwepo, na zisionekane kwa nje.

Toa moja kwa kila tabaka tofauti, na angalau moja pale kitako cha msingi kitakapokaa.

Maabara: hesabu ndogo kwanza

Kabla ya kuwasha mashine kubwa, taka vitu vitatu: unyevu wa asili, densiti kavu, na kikomo cha kimiminika, yaani unyevu ambao udongo unaanza kutiririka kama uji mzito. Kuna ukaguzi wa Gibbs na Bara wa mwaka 1962 unaofanyika kwa kalamu. Unajiuliza: nafasi zote zikijaa maji, unyevu utakuwa asilimia ngapi? Ukizidi kikomo cha kimiminika, udongo una nafasi ya kutosha kugeuka uji ukilowa, na ni wa kushukiwa.

Tuchukue mfano. Pete ya kipenyo cha milimita 75 na kimo cha 20 ina ujazo wa sentimita za ujazo 88.4. Udongo uliomo, baada ya kukaushwa kwenye oveni, una gramu 128. Densiti kavu ni 128 kugawa kwa 88.4, yaani 1.45. Densiti ya chembe zenyewe tuseme 2.65. Unyevu wa kujaza nafasi zote ni moja kugawa kwa 1.45, toa moja kugawa kwa 2.65: 0.690 toa 0.377, yaani asilimia 31. Kikomo cha kimiminika kikiwa 24, basi 31 imekizidi na udongo ni wa kushukiwa. Endelea na edomita.

Kwa mchanga usio na mfinyanzi wa kutosha, kikomo hicho hakipimiki vizuri, kwa hiyo ukaguzi huu hauna maana. Densiti kavu ndogo yenyewe inatosha kukupeleka mbele.

Edomita: siku ya maji

Edomita ni mashine rahisi. Udongo umo ndani ya pete ya chuma, juu na chini kuna mawe yenye vinyweleo, mkono wa mashine unabonyeza kwa uzito, na saa ya kupimia inasoma kushuka hadi sehemu za mia za milimita. Kwa udongo unaotitia, ufundi wake uko kwenye mambo madogo ambayo fundi wa maabara aliyezoea mfinyanzi uliojaa maji anaweza kuyasahau.

Kata sampuli kutoka katikati ya bonge, si ukingoni. Sukuma pete polepole huku ukipunguza udongo nje yake kwa kisu, usiikandamize. Chembe kubwa ikitoka na kuacha shimo, usizibe kwa udongo uliolowa. Tupa sampuli, anza nyingine.

Mawe yenye vinyweleo yawe makavu. Hili ndilo kosa la kawaida zaidi: mawe huwa yanalala ndani ya maji maabara, yakiwekwa hivyo udongo unanyonya na kuanza kutitia kabla hujasoma chochote. Funika chombo chenye pete na mawe kwa nailoni iliyolegea ili unyevu wa asili usitoroke.

Weka mzigo wa kuanzia wa kilopaskali 5 (kilopaskali ni kipimo cha mgandamizo), soma saa, hiyo ndiyo sifuri yako. Kisha panda: 12, 25, 50, 100, 200. Kila mzigo upe saa moja, au mpaka mwendo ukaribie kuisha. Ukifika 200 na sindano imetulia, mimina maji kutoka chini ili hewa itoke juu. Kaa hapo usiende kunywa chai. Kwa udongo mbaya sindano inaanza kukimbia maji yalipogusa tu, na sehemu kubwa ya kushuka inaisha ndani ya dakika chache. Soma sekunde 15, 30, dakika 1, 2, 4, 8, 15, 30, kisha uache hadi kesho yake na usome tena.

Hesabu yake ni moja: kushuka kulikosababishwa na maji, gawa kwa kimo cha mwanzo, zidisha kwa 100. Sampuli ya milimita 20 iliyofika 19.62 ikiwa kavu chini ya kilopaskali 200, kisha ikafika 18.40 baada ya maji, imetitia milimita 1.22. Hiyo ni asilimia 6.1. Kwa viwango vya Jennings na Knight, chini ya asilimia 1 hakuna tatizo; 1 hadi 5 ni tatizo la wastani; 5 hadi 10 ni tatizo; 10 hadi 20 ni tatizo kubwa; zaidi ya 20 ni kubwa mno. Sampuli yetu imeingia kundi la "tatizo". Kipimo cha Kimarekani kilichofuata njia hiyohiyo, kilichoondolewa mwaka 2012, kilikuwa na mipaka mingine kidogo, kwa hiyo ripoti lazima iseme inatumia mipaka ya nani.

Kuhusu maji ya kumiminia: maabara hupenda maji yaliyokenekwa, yasiyo na chumvi. Kwa kiwanja cha pwani chenye kisima cha maji ya chumvi, au ambapo gundi inaweza kuwa chumvi yenyewe, napendelea maji yatakayofika kweli pale. Chukua lita chache za bomba au kisima cha eneo, peleka pamoja na bonge.

Sampuli mbili badala ya moja

Asilimia ya kilopaskali 200 ni ya kulinganisha udongo na udongo. Haikwambii nyumba yako itashuka kiasi gani, maana nyumba ya chini haifikishi 200 kila mahali. Kwa hilo kuna njia ya sampuli pacha. Kata mbili kutoka bonge moja, kimo kilekile. Moja ipandishe mzigo ikiwa na unyevu wake wa asili. Nyingine iloweshe saa 24 chini ya mzigo mdogo wa kama kilopaskali 1, kisha ipandishe mizigo ileile. Chora mistari yote miwili kwenye karatasi moja. Pengo kati yake, kwenye mzigo wowote utakaotaka, ndiyo kutitia kwa mzigo huo.

Pacha hawafanani kamwe kabisa. Moja itakuwa na mzizi, nyingine tabaka la kokoto. Pima densiti ya kila moja. Zikitofautiana sana, rudia. Kisha sogeza mstari mmoja mpaka ikutane kwenye mzigo ambao udongo ulikuwa umeubeba ardhini tangu zamani.

Sasa shusha hesabu chini ya nyumba. Chukua msingi wa mkanda wenye upana wa mita 0.6, kina mita 0.8, unaobonyeza kwa kilopaskali 80. Gawa udongo wa chini yake katika matabaka matatu ya nusu mita. Ukitandaza mzigo kwa mteremko wa moja kwa mbili na kuongeza uzito wa udongo wenyewe, katikati ya matabaka hayo unapata kama kilopaskali 72, 59 na 57. Tuseme pengo la mistari kwenye mizigo hiyo ni asilimia 3.0, 2.4 na 2.3. Nusu mita mara kila moja: milimita 15, 12 na 11.5. Jumla milimita 38 hivi.

Ingekuwa nyumba nzima inashuka 38 sawasawa, tungeishi nayo. Lakini maji hayaloweshi nyumba nzima. Yanalowesha kona ya bafu. Milimita 38 kwenye ukuta wa mita 4 ni karibu moja kwa 105, wakati kuta huanza kupasuka kwenye moja kwa 300 na fremu kuumia kwenye moja kwa 150. Kwa hiyo kwenye udongo huu mimi huchukua kushuka kote kuwa ndiyo tofauti ya kona na kona.

Kwa jengo kubwa, thibitisha kwa jaribio la sahani kiwanjani: bonyeza sahani ya chuma pakavu hadi mzigo wa kazi, uache utulie, kisha mwaga maji kuizunguka na usome. Kumbuka tu sahani ya sentimita 30 haioni mbali zaidi ya sentimita 60 chini yake.

Ukishajua, unafanyaje

Kwa nyumba ya kawaida dawa inayolipa ni kuchimba na kushindilia upya. Ondoa udongo chini ya kitako cha msingi kwa kina cha kama mara moja na nusu ya upana wake, pana pembeni pia, urudishe uleule kwa matabaka ya milimita 150, kila moja hadi asilimia 95 ya densiti ya juu ya maabara. Hakuna haja ya kununua moramu ya mbali kama udongo wenyewe ni mzuri ukishikana.

Ila ushindiliwe ukiwa na unyevu sahihi au uliozidi kidogo. Nimeona wakandarasi wakishindilia mkavu ili kukwepa gharama ya boza la maji, rola inapita, mlio unakuwa mgumu, kila mtu anaridhika. Kifusi kilichoshindiliwa kikavu kina nafasi na gundi kavu ileile. Umetengeneza udongo unaotitia kwa mikono yako, na kwa bei kubwa zaidi. Pima densiti ya kila tabaka kwa njia ya mchanga (unachimba tundu dogo na kulijaza mchanga unaojua densiti yake ili upate ujazo), na chukua sampuli ya kifusi kilichoshindiliwa uitie edomita. Ikitoa chini ya asilimia 1 kwenye kilopaskali 200, umemaliza hilo.

Kulowesha kiwanja kabla ya kujenga kunasaidia pale uzito wa udongo wenyewe unatosha kuutitisha, yaani kwenye tabaka nene. Kwenye mita moja ya juu uzito huo ni mdogo, kwa hiyo ukijenga baadaye bado utashuka. Nguzo zinazofika tabaka gumu zinafaa ghorofa, mradi msanifu ahesabu kwamba udongo ukishuka pembeni yake utazivuta kwenda chini. Rafti, yaani msingi wa zege unaotanda chini ya nyumba nzima, ikiwa na nondo za kutosha inapunguza nyufa, haizuii kushuka. Kazi yoyote kati ya hizi iwe na muhuri wa mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na ripoti ionyeshe mistari ya edomita yenyewe, si namba moja ya "uwezo wa udongo" bila kusema ulikuwa mkavu au umelowa.

Maji yanabaki kuwa kazi ya mwenye nyumba. Bati la mita za mraba 100 kwenye mvua moja ya milimita 50 linamwaga lita 5,000. Bila mifereji zote zinaingia ukingoni mwa msingi. Weka mifereji, na yatoe mbali kwa mfereji wa zege. Shimo la maji taka likae upande wa chini wa mteremko, mbali kadiri kiwanja kinavyoruhusu. Mabomba yasipite chini ya sakafu. Yakilazimika, yapite ndani ya bomba kubwa linalotokea nje ili uvujaji uonekane. Bustani ya kumwagilia ianze baada ya sakafu ya zege ya kuzunguka nyumba.

Fungia vipini vinne vya chuma kwenye kona za msingi na usome levo kabla ya masika ya kwanza na baada yake. Ufa ukitokea, usikimbilie plasta: funga koki zote ndani, kaangalie mita ya maji, na kama bado inazunguka, fukua bomba kuanzia upande ulioshuka.